Hundi za wazee: kisa cha wakimbizi Wayahudi Marekani baada ya sheria ya 1996

Tarehe 22 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyobadilisha mfumo mzima wa misaada ya serikali nchini Marekani. Wengi wanaikumbuka kwa jinsi ilivyowabana akina mama wasio na kazi. Ndani yake kulikuwa na kifungu kingine, kilichowahusu wageni walioingia nchini kihalali lakini hawajawa raia. Hao, kwa sehemu kubwa, wasipate tena SSI, posho ya wazee na walemavu maskini, wala stempu za chakula, msaada wa serikali wa kununulia chakula. Miongoni mwa walioangukiwa na kifungu hicho walikuwa wazee Wayahudi kutoka Umoja wa Kisovieti, na watu wa kwanza kuwapokea wakiwa na barua zao mkononi walikuwa maofisa wa ofisi za ustawi wa jamii za Kiyahudi katika miji walimoishi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinajibu vizuri kuliko kingine ninachokijua swali la mtu anayetaka kuchangia ofisi kama hizo: fedha yangu itafanya nini hasa? Na kinawagusa pia wazee wetu wanaosema Kiswahili huko Marekani, kama nitakavyoeleza mbele.

SSI ni posho ya kila mwezi ambayo serikali kuu humlipa mtu wa miaka 65 na kuendelea, au kipofu, au mlemavu, asiye na kipato cha maana. Ilianza kulipwa mwaka 1974. Mwaka 1996 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 470 kwa mtu mmoja na dola 705 kwa mke na mume, na baadhi ya majimbo yaliongeza kidogo juu yake. Ukiwa na akiba inayozidi dola 2,000, au 3,000 kwa mke na mume, hupati. Ni fedha ya mtu ambaye kweli hana.

Wayahudi wa Kisovieti walianza kuingia Marekani kwa wingi mwaka 1989, na mwaka huohuo Bunge likapitisha Marekebisho ya Lautenberg yaliyowarahisishia kutambuliwa kuwa wakimbizi. Walihama familia nzima: watoto, wazazi, bibi na babu. Ndiyo sababu wazee walikuwa wengi kati yao kuliko katika makundi mengi ya wakimbizi. Walikaa Brighton Beach huko Brooklyn, West Rogers Park huko Chicago, West Hollywood, Boston. Wapo waliokuwa wamepigana katika Jeshi Jekundu dhidi ya Wajerumani. Wapo walionusurika Maangamizi ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wakiwa watoto, ndani ya mageto, yaani mitaa walimofungiwa, au kwa kukimbilia Asia ya Kati. Walikuwa wahandisi, walimu, madaktari, mafundi cherehani. Sheria mpya ilimwacha salama mgeni aliyetimiza miaka 10 ya kazi ndani ya Marekani, lakini mtu aliyefika akiwa na miaka 70 angeitimiza lini?

Tuchukue mume na mke wa mfano, niliowatunga ili hesabu ionekane. Wametoka Kharkiv, wamefika vuli ya 1990, mume ana miaka 71 na mke 69. Mwaka 1997 SSI yao ni dola 726 kwa mwezi. Wanaishi kwenye jengo la wazee lenye ruzuku ya serikali, ambako mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, kwa hiyo kodi inakula zaidi ya dola 200. Zinazobaki ni za umeme, simu, nauli, viatu, vitu vya dukani. Stempu za chakula zinaziba pengo. Matibabu yanalipwa na Medicaid, bima ya serikali ya matibabu kwa maskini, na katika majimbo mengi Medicaid ilikuja yenyewe mara mtu anapokubaliwa SSI.

Sheria iliwapa wakimbizi miaka mitano ya kwanza bila kuguswa. Kwa hawa wawili miaka hiyo iliisha vuli ya 1995. Kwa hiyo wanapoteza posho, wanapoteza stempu, na dawa za moyo za mzee zinaingia mashakani kwa sababu Medicaid ilikuwa imeshikamana na posho. Mtoto wao ana miaka 44, alikuwa mhandisi, sasa anaendesha teksi na ana watoto wawili shuleni. Hawezi kuwabeba. Anaweza kuwanunulia mkate na maziwa, basi.

Mapema mwaka 1997 Social Security, idara ya serikali inayolipa SSI, ilianza kutuma barua. Zilieleza kwamba malipo yanaweza kukoma kama mpokeaji si raia au hayumo katika makundi yaliyosamehewa. Fikiria mtu aliyekulia chini ya Stalin anafungua bahasha ya serikali, haelewi Kiingereza, anaona tarakimu zake na tarehe ya mwisho. Aliifahamu serikali inayoweza kumwondoa mtu nyumbani usiku. Aliichukua barua akaenda nayo mahali ambapo kuna mtu anayesema Kirusi.

Mahali hapo palikuwa tayari. Karibu kila mji mkubwa wa Marekani una ofisi ya Kiyahudi ya huduma za familia, nyingi zikiwa na mizizi katika karne ya 19. Ile ya Chicago ilianzia kwenye chama cha misaada cha mwaka 1859. New York ilikuwa na NYANA, iliyoundwa mwaka 1949 kuwapokea manusura wa vita kutoka Ulaya, na ndiyo iliyowapokea hawa wa Kisovieti. Chakula cha Pasaka ya Kiyahudi, ushauri wa ndoa, msaidizi wa kumwogesha mzee nyumbani, mkopo usio na riba, yote hayo yalikuwa kazi za kawaida za jumuiya. Barua za 1997 zilidai kazi ya namna nyingine.

Njia ya kuokoka ilikuwa uraia, na uraia ulitaka miaka mitano ya ukaazi, mtihani wa Kiingereza, maswali kuhusu historia na serikali ya Marekani, na kiapo. Sheria ilimruhusu mzee wa miaka 50 mwenye ukaazi wa miaka 20, au wa miaka 55 mwenye ukaazi wa miaka 15, kufanya mtihani kwa lugha yake. Wazee wetu wa Kharkiv walikuwa na ukaazi wa miaka sita.

Kazi ikaanza na fomu. Jina la mama limeandikwa namna moja kwenye pasipoti ya Kisovieti, namna ya pili kwenye viza, namna ya tatu kwenye kadi ya Social Security, kwa sababu kila karani alilihamisha kutoka herufi za Kirusi kwa sikio lake. Ofisa analinganisha karatasi zote tatu kabla hajaandika herufi moja. Kisha linakuja swali la chama. Fomu inauliza kama mwombaji aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, na mzee aliyekuwa mkuu wa idara kiwandani ananyamaza. Alijiunga kwa sababu bila kadi ya chama hupandishwi cheo. Sheria ya Marekani inamzuia aliyekuwa mwanachama katika miaka 10 iliyotangulia maombi, lakini inamsamehe aliyejiunga kwa kulazimika au ili apate kazi na mahitaji ya lazima. Akidanganya anajiharibia. Akisema kweli bila maelezo huenda akajiharibia pia. Lazima akae na mtu anayeijua sheria, anayejua Kirusi, na asiye na haraka. Kikao kama hicho hakimaliziki kwa dakika ishirini.

Kwa wenye akili bado nyepesi kulikuwa na madarasa: bendera ina nyota ngapi, mistari ni ya nini, nani anatunga sheria. Kwa wale waliokwisha pata kiharusi au kuanza kusahau kulikuwa na mlango mwembamba. Sheria ya mwaka 1994 iliruhusu msamaha wa mtihani kwa mtu ambaye maradhi yamemzuia kujifunza, lakini kanuni za kuutekeleza zilitoka Machi 1997, wakati barua tayari zimefika majumbani. Fomu yake inaitwa N-648 na hujazwa na daktari. Hapo ndipo wengi walipokwama. Kuandika kwamba mgonjwa ni mzee na anasahau hakutoshi. Daktari lazima aeleze ni ugonjwa gani, umethibitishwaje, na unamzuiaje mtu huyu kujifunza lugha mpya. Umri peke yake haukubaliki. Ofisa wa ustawi wa jamii ilibidi arudi kwa daktari na fomu ileile, amwombe aandike upya.

Halafu kiapo. Msamaha wa mtihani haukuwa msamaha wa kiapo, na mzee ambaye ugonjwa umemla kiasi cha kutoelewa anaapa nini alikataliwa uraia mwishoni kabisa mwa safari. Yaani aliyekuwa mgonjwa kuliko wote ndiye aliyebaki bila kinga. Jambo hilo lilinyooshwa tarehe 6 Novemba 2000, sheria mpya iliporuhusu kiapo kiachwe kwa mtu wa hali hiyo. Kwa baadhi yao miaka hiyo ilikuwa mingi mno.

Foleni nayo ilikuwa ndefu. Maombi ya uraia yalipita milioni 1.2 mwaka 1996 na yakaongezeka tena 1997. Kusubiri kulipita mwaka, na katika miji mingine kulikaribia miwili. Hata aliyekwisha jaza kila kitu sawasawa hakuwa na hakika kwamba uraia utafika kabla ya hundi kukatika.

Kuna kipengele kimoja cha kisa hiki ambacho sijawahi kukiona kwenye vipeperushi vya kuomba michango, nacho kinanigusa kuliko vyote. Tangu mwaka 1980 Claims Conference, taasisi ya Kiyahudi inayojadiliana na Ujerumani kuhusu fidia, ilikuwa na mfuko kwa ajili ya walionusurika na wakatoka nchi za Kisovieti baadaye. Ulilipa mark 5,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule, mara moja tu. Kwa thamani ya miaka hiyo ya tisini ni takriban dola 3,000. Sasa kumbuka kikomo cha akiba cha SSI: dola 2,000. Mjane akiweka benki fidia ya yale aliyotendewa na Wanazi, hesabu ya kawaida inasema amekuwa tajiri, posho isimame. Sheria ya Agosti 1994 ilikataza jambo hilo: fidia ya mateso ya Wanazi isihesabiwe. Lakini karani wa dirishani si lazima aijue sheria hiyo. Bibi anahitaji mtu wa kwenda naye, mwenye nakala ya sheria na barua inayoonyesha fedha ilitoka wapi, wa kusema kwa heshima, hapana, hizi hazihesabiwi. Saa mbili za ofisa mmoja zinaokoa posho ya mwaka mzima. Sijui mchango gani mwingine unaozaa kiasi hicho.

Upande wa pili wa kisa ni hesabu kubwa. Makadirio ya wakati ule yalisema karibu wageni nusu milioni, wa mataifa yote, wangepoteza SSI. Tuseme kila mmoja alikuwa akipata dola 400 kwa mwezi. Hiyo ni dola bilioni 2.4 kwa mwaka. Septemba 1996 George Soros, ambaye mwenyewe ni Myahudi aliyenusurika vita akiwa mtoto Budapest, alitangaza mfuko wa dola milioni 50 kuwasaidia wageni walioathiriwa na sheria hiyo. Ni fedha nyingi mno kutoka kwa mtu mmoja. Zingegawanywa kuchukua nafasi ya hundi, zingeisha kabla ya siku nane kutimia. Kwa hiyo ulikuwa uamuzi sahihi kwamba sehemu kubwa iende kwenye uraia: madarasa, wanasheria, maofisa wa kujaza fomu.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Wapo waliosema wakati ule, na wapo wanaosema leo, kwamba serikali ikijitoa jumuiya za dini zitajaza nafasi. Jumuiya ya Kiyahudi ya Marekani ina mpangilio mzuri wa michango kuliko nyingi ninazozijua. Ina mashirikisho ya kuchangisha katika miji mingi, ina utamaduni wa karne nyingi wa kumtunza mjane na maskini, na Maimonides aliandika katika karne ya 12 kwamba daraja ya juu ya kutoa ni kumsaidia mtu asimame asihitaji tena kupewa. Pamoja na hayo yote haikuweza kuziba pengo lile, na viongozi wake walisema hivyo waziwazi Washington. Wakishirikiana na makanisa na vyama vya Walatino na Waasia, waliwaeleza wabunge kile ambacho maofisa wao walikiona kila siku mezani. Clinton mwenyewe alikuwa amesema siku ya kutia saini kwamba sehemu ya wageni ilikuwa na makosa.

Tarehe 5 Agosti 1997 sheria nyingine ilitiwa saini. Waliokuwa wakipokea SSI siku ile ya 22 Agosti 1996 waliendelea kupokea. Mume na mke wa Kharkiv walisalimika. Stempu za chakula hazikurudi nayo. Zilikatwa mwaka 1997, na sheria ya kuwarudishia wazee waliokuwapo tangu 1996 ilipita Juni 1998, ikaanza kufanya kazi Novemba. Baadhi ya majimbo yalizinunua kwa fedha zao ili wazee wasikose. Kwingineko, kwa mwaka na ushei, ghala za chakula zilibeba, na kwa Myahudi anayeshika dini chakula hicho lazima kiwe kosheri, ambacho bei yake iko juu.

Sisemi kapu la chakula ni jambo dogo. Bibi anayeishi peke yake ghorofa ya nne akigongewa mlango kabla ya Pasaka na kijana mwenye kapu la mikate isiyochachwa, samaki na divai ya zabibu, anapata chakula na anapata mtu. Ninachosema ni kwamba kapu linapata wafadhili kwa urahisi kwa sababu linapigika picha. Mshahara wa ofisa anayesema Kirusi, anayekaa na karatasi tatu zenye majina matatu, haupigiki picha, na wafadhili wengi huweka sharti kwamba fedha yao isilipe mishahara. Sharti hilo huwaumiza wazee wale wale ambao mfadhili anataka kuwafaa. Anayetaka kuchangia ofisi ya Kiyahudi ya huduma za familia mjini kwake, au ya Kikatoliki, au ya msikiti, atoe bila kuifunga fedha, na atoe kila mwezi. Ofisi haiwezi kuajiri mtu kwa sadaka ya sikukuu.

Sheria ya Agosti 1997 iliacha saa inayohesabu. Wakimbizi wanaofika baadaye walipewa miaka saba badala ya mitano, kisha SSI inakoma kama hawajawa raia. Mwaka 2003 na 2004 wakaanza kuondolewa wale wa kwanza. Mwaka 2008 Bunge liliongeza muda hadi miaka tisa, lakini kwa kipindi kilichoisha Septemba 2011. Tangu hapo ni saba tena.

Na waliofika baadaye ni pamoja na watu wetu. Kwa miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote walioingia Marekani, na wengi walitoka kambi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale, Kiswahili kikiwa lugha yao ya kila siku. Baadhi walipokewa na ofisi hizihizi. HIAS, shirika la Kiyahudi la wakimbizi lililoanzia New York zaidi ya karne moja iliyopita, limefanya kazi Nairobi pia, na huko Pittsburgh ofisi ya Kiyahudi ya huduma za familia na jamii imewapangia Wakongo nyumba na shule. Ofisi hiyo iko Squirrel Hill, mtaa uleule ambako tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye chuki na HIAS aliwaua waumini 11 ndani ya sinagogi, wengi wao wazee. Kazi ya kuwapokea wakimbizi haikusimama kwa sababu hiyo. Kilichoisimamisha kwa sehemu kubwa ni amri ya Januari 2025 iliyositisha mpango wa kupokea wakimbizi, na fedha ya serikali ikaondoka nayo, maofisa wakapunguzwa. Wazee waliokwisha fika bado wapo, na saa yao haijasimama.

Nimekaa na wazee wa namna hiyo nikitafsiri. Unauliza, "Mama, mlifika Amerika mwaka gani, mwezi gani?" Naye anajibu, "Tulifika wakati wa baridi, mwaka ule Junior alizaliwa." Jibu zuri kwa mwanawe, halitoshi kwa Social Security. Tarehe kamili iko kwenye karatasi ya kuingilia nchini, I-94, na hiyo ndiyo ya kutafuta kwanza.

Mwenye mzazi anayepokea SSI, ambayo mwaka 2025 ilifika dola 967 kwa mtu mmoja, ahesabu kuanzia hapo. Baada ya mwaka mmoja mkimbizi anaomba ukaazi wa kudumu, na ukikubaliwa unarudishwa nyuma hadi siku aliyofika. Kwa hiyo miaka mitano ya uraia inaanza siku hiyohiyo, na inabaki miaka miwili tu kabla SSI haijafikia kikomo. Kama mama hakuwahi kusoma, hilo peke yake halimpi msamaha wa mtihani. Kama ana maradhi ya kusahau, kiharusi, au majeraha ya akili ya vita yanayomzuia kujifunza, daktari au mwanasaikolojia wa tiba anaweza kujaza N-648, na aanze kuzungumza naye mapema, mwaka wa nne usipite. Ada inaombewa msamaha kwa mwenye kipato kidogo. Fomu ya uraia inapokelewa siku 90 kabla ya mwaka wa tano kutimia.